Muhula wa Mitungi Mitano

Nilidhani kusini ni joto.
Nilipakia magauni matatu na kofia ya ukindu,
koti la marehemu babu nikaliacha Kutaisi, kwenye msumari wake,
na Coimbra ikanipokea kwa mvua
na nyumba yenye baridi kuliko barabara iliyo mbele yake.

Dona Hermínia alinionyesha chumba kwa tochi.
Gesi ni ya mtungi, alisema kwa mikono.
Kuoga, dakika nne: vidole vinne.
Kisha akafungua daftari akaandika jina langu
kama alivyolisikia.
Ketevan lilimshinda. Nikawa Quitéria.
Siku mbili alinipikia supu ya kabichi;
siku ya tatu nilikuta ufagio umeegemezwa mlangoni pangu.
Nikaelewa. Hata kwetu ni hivyo.

Neno la kwanza kulipata lilikuwa pois.
Bei ya mayai imepanda: pois.
Padri kafa: pois.
Kijana wa mkate kamwoa dada wa mchumba wake: pois, pois.
Ni ndiyo, ni ehe, ni haya basi,
ni nakusikia lakini sikubali.
Nilijistiri nalo wiki tatu nzima
mpaka profesa wa haidrolojia aliponiuliza
mto Mondego ulivunja kingo zake kwa sababu gani,
nami, uso mkavu, nikamjibu:
pois.

Darasa lilicheka hadi vioo vikaingia ukungu.
Rūta wa Šiauliai alicheka kuliko wote,
ndiyo maana tukawa marafiki.

Rūta alikuwa na ramani, hakuwa na pesa.
Mimi nilikuwa na pesa kidogo na sikujua kukataa.
Tulipanda treni za polepole, zile zinazosimama hata kwa mbuzi.
Évora tulikula dagaa wa kopo juu ya ukuta wa mtu.
Guarda tulisikia kengele ya kanisa, kanisa lenyewe hatukuliona,
ukungu ulikuwa umelimeza pamoja na barabara ya kurudia.
Na usiku mmoja wa Novemba treni ya mwisho ikatuacha Entroncamento,
mji ambao jina lake ni Makutano
na hakuna tuliyekutana naye
ila mfagiaji, paka,
na mashine ya kahawa iliyokula sarafu yetu ikanyamaza.

Pale, kwenye benchi la chuma, mama akapiga simu.
Uko wapi, mwanangu?
Kitandani.
Una joto?
Sana.
Kipaza sauti cha stesheni kikatangaza kitu.
Mama akanyamaza. Nikamsikia anavyonyamaza,
kilomita elfu nne na ushei za kunyamaza,
kisha akasema:
Haya. Kitanda hicho ukifunike vizuri.

Kwa hiyo usiniulize nilijifunza nini.
Haidrolojia nilipata kumi na mbili kati ya ishirini.
Zege nilifeli.
Najua moto wa gesi hugeuka njano kabla ya kufa.
Najua kuoga kwa dakika tatu,
na ile ya nne nasimama tu, sifanyi kitu,
maji yaniingie masikioni.

Asubuhi ya kuondoka mtungi wa tano uliisha
nikiwa na sabuni kichwani.
Nilijifuta hivyo hivyo, nikashuka ngazi sitini na mbili
hadi kwa muuza gesi, nikapanda na mwingine begani,
mzima, mzito, maji yake ya moto si yangu.

Dona Hermínia alisimama mlangoni na daftari.
Akamkata Quitéria kwa mstari mmoja.
Chini yake palikuwa pameshaandikwa mwenye chumba wa Jumatatu,
Mpolandi, nadhani,
maana herufi zilimshinda vilevile.
Nikamwambia nitaandika. Nikamwambia nitarudi.
Pois, akasema,
akanipangusa povu sikioni kwa kona ya aproni,
na mpaka leo sijui
ilikuwa pois ipi.