Kalamu za Risasi

Nilifika Panyangara na boksi la redio sita,
sahani nne za sola, moja imepasuka njiani,
madaftari, rula, na barua ya ofisi
isemayo kwamba mimi ni mkufunzi.
Darasa la tano walitupisha.
Hesabu zao za kugawanya tuliziacha ubaoni.

Nikauliza, nani anajua Kiswahili?
Mikono ikabaki mapajani.
Kisha Nachap, shanga hadi kidevuni,
akasema yeye anakijua, akasimama kukionyesha.
"Lala chini," alisema. "Toa bunduki.
Mikono juu. Iko wapi? Haraka!"
Na neno moja zaidi, ambalo sitaliandika.
Alitamka vizuri, kila irabu mahali pake,
kama mwanafunzi anayesoma risala mbele ya mgeni.

Hakuna aliyecheka.
Mimi nilikipata Mbale, sokoni kwa shangazi,
kikinukia vitunguu na kubembeleza bei.
Sikujua kuwa huku
kilifika kimevaa buti.

Siku ya pili tukajaza fomu.
Saa. Upande. Milio mingapi. Nani amejulishwa.
Upande, wakasema, waulize ng'ombe:
masikio yao hugeuka kabla ya yetu.
Saa hawakuwa nayo, basi tukapatana:
kabla ya kukamua, baada ya kukamua,
mwezi ukigusa Toror.
Lomuria, aliyenunua bunduki yake kwa ng'ombe watano
na kuitoa kwa karatasi yenye muhuri,
alifundisha somo la milio kunishinda.
Alipiga meza kwa kifundo cha kidole: huu uko karibu.
Akapiga kwa kiganja: huu uko ng'ambo ya korongo,
keti kwanza, usikimbilie mkuki.

Nikagawa penseli. Zinaitwa kalamu za risasi, nikasema,
na mkalimani akaninyamazia.
Ilibidi nieleze. Nilieleza vibaya.
Nachap aliipima yake kiganjani,
akaionja ncha, akatema.
Akataka kujua kama maandishi yake yanafutika.
Nikamwonyesha kifutio.
Akafuta jina langu ubaoni mwa daftari lake,
polepole, akapuliza vumbi,
akaniangalia muda mrefu.

Ndipo akauliza safu ya kimya iko wapi.
Kimya gani, mama?
Kimya cha baada ya mlio, akasema.
Kikiwa kifupi, kuna anayelia, twende na maji.
Kikiwa kirefu, mifugo imekwenda, na vijana
wanafunga viatu gizani ili waifuate.
Hapo ndipo mtu anapozuilika. Si kwenye mlio.
Mlio umeshapita.

Ofisini fomu ina safu nne, zimepigwa chapa.
Nilichukua rula nikachora ya tano,
madaftari sita, mistari imepinda.

Usiku tukajaribu redio, kila mtu kwenye manyatta yake,
mimi kwenye ngazi ya darasa, sola imelala, betri zinahema.
"Nachap, unanisikia?"
Mkwaruzo. Mkwaruzo tena.
Kisha sauti yake, kwa Kiswahili tulichokiokota mchana ule:
"Nakusikia. Nipo. Wewe umekula?"
Sikumfundisha hilo la mwisho.

Ijumaa niliondoka. Redio ya nne haikuwa inachaji;
nilimwachia Lomuria waya, koleo
na namba yangu, aipigie akipanda kilimani penye mtandao.
Amepiga mara mbili kuhusu waya.

Mara ya tatu alinisomea daftari la Nachap,
maana mwenyewe alikuwa ameshatoka na taa.
Baada ya kukamua.
Upande wa Nakapelimoru.
Milio miwili, ya kiganja.
Nani amejulishwa: wote sita, hata wa nne.
Kimya:

hapo akasita, nikasikia karatasi ikigeuzwa,
upepo wa kilima ukiingia kwenye simu.

Ameandika "bado", akasema.
Kwa risasi. Amekoleza.