Kupunguza

Gauni la kitenge cha mikia ya tausi
nililoshonea ubatizo wa mjukuu
nimelipunguza mara tatu tangu Kwaresima.
Mara ya kwanza, sentimita nne kila ubavu.
Kitambaa nilikikunjia ndani, sikukata.
Fundi aliyekula chumvi hakati haraka:
mteja hurudi amenenepa, lawama ni zako.

Miaka thelathini na moja, Mtaa wa Kiusa,
nazungusha futi kwenye vifua vya wanawake wa Moshi.
Najua nani kajifungua, nani kafiwa,
nani anakula usiku mume akishalala.
Kiuno changu alikipima nesi Eliaichi,
kliniki ya Jumatano,
kwenye mizani inayolia kama mwanambuzi.

Akauliza, hedhi ilikoma lini?
Nikasema, mwaka ule kahawa ilipokosa bei.
Akacheka, akaandika: miaka tisa.

Kisha akaniambia jambo nisilolijua
ingawa nimeuvaa mwili huu miaka hamsini na tisa:
ovari zilipofunga duka
homoni ya kike haikuhama mji.
Ilihama mtaa tu,
ikapanga kwenye mafuta.
Hapa tumboni, hapa nyongani,
estrojeni ikawa inapikwa kimya kimya
kama gongo nyuma ya nyumba,
mjumbe hajui,
hata mwenye nyumba hajui.

"Ukipungua, Mama, na moto wa jiko unapungua.
Na damu nayo inaongeza walinzi
wa kuishika mkono ile iliyobaki,
isizurure hovyo."

Nikamkumbuka dada yangu Anansia.
Titi la kushoto. KCMC, kitanda cha dirishani.
Daktari alisema uvimbe wake unalishwa na estrojeni.
Ukala. Ukala mpaka sauti yake.
Siku ile sikuuliza mpishi ni nani.

Eliaichi akaniona ninavyohesabu vidole.
"Marehemu usimpandishe mizani," akasema.
"Hata wembamba wanaugua.
Sikupi ahadi. Ni kupunguza tu."

Basi natembea.
Kiborloni mpaka daraja la Rau, kabla ya jua,
raba za mwanangu, soksi mbili mbili.
Kitimoto cha Jumamosi nimemwachia Eliufoo.
Mtori nakunywa, ila kikombe, si bakuli,
na mfupa nautazama kama shemeji niliyegombana naye.
Mlima nao unapungua kichwani,
hakuna anayeupongeza.

Kilo tisa.
Sokoni wananiuliza kwa sauti ya msibani:
unaumwa?
Na usiku Eliufoo ananipapasa nyonga gizani
kama anayetafuta swichi
mahali ilipokuwa zamani.
Hasemi kitu. Mimi pia sisemi.
Nitamwambiaje mwanamume wa sabini
kwamba kile alichokishika miaka yote hii
kilikuwa jiko?

Jana nimefumua tena mshono wa ubavuni.
Kitambaa kilichojificha ndani
bado kina bluu ya siku niliyokinunua.
Huku nje pamepauka, nilikuwa sijaona.
Nikashika mkasi.
Nikauweka juu ya cherehani.
Nikaushika tena.

Mlangoni msichana akabisha, sketi mkononi:
"Mama, nipanulie hapa kidogo, inanibana."
Nikamwambia, ingia.
Nikavua futi shingoni.