Ulingo wa Nne

Kabatini, penye vikombe vya harusi,
nimepanga malingo manne ya mieleka.

Wa kwanza niliuchomoa kwenye belo la mitumba, Masasi,
kamba zimekatika; nikaufunga mpira wa manati.
Wa pili una kengele isiyolia.
Wa tatu Somoe aliwahi kuuanikia dagaa,
hadi leo mabingwa wananuka
wala hawalalamiki.

Wa nne mtupu.
Wapiganaji wake wawili, mmoja hana mkono,
Ausi aliondoka nao mfukoni
siku mama yake alipofunga mizigo kwenda Nachingwea.
Korosho zikiuzwa, walisema, tutakuja kutembea Lindi.

Zimeuzwa. Misimu miwili.

Ijumaa nafuta vumbi.
Nabonyeza turubai kwa kidole:
bado linadunda.