Chuo Chenye Maji

Elfu thelathini.
Baba aliihesabu mara mbili juu ya gunia la salfa,
vidole vya njano, noti nazo zikawa za njano.
"Kila chuo elfu kumi," nilikuwa nimemweleza.
"Na wakikukataa, wanarudisha?"
"Hawarudishi."
Akaitazama mikorosho, maua ndiyo kwanza,
na ubwiri unga umeshaanza kuyanyatia.
"Basi ni kama hii," akasema,
akanikabidhi.

Mjomba Nandonde alipiga simu kutoka Mbagala:
"Uhasibu. Andika uhasibu kote kote.
Umewahi kumwona mhasibu mwenye njaa?"
Mwalimu Mchopa alishaniandikia kwa wino mwekundu
nyuma ya daftari la baiolojia:
*Maabara. Au uuguzi. Mbeya baridi, lakini haiui.*
Salima Nampota yeye alitaka twende wote Dar,
tupange chumba kimoja, tugawane sufuria,
tukigombana tugombane kimakonde
jirani asielewe.

Kila mtu alikuwa na chuo chake mdomoni.
Mimi nilikuwa na kalamu, na nafasi tatu.

Mama hakuwa amesema kitu.
Aliingia na ndoo ya shilingi mia tano,
akaitua taratibu kama anayelaza mtoto aliyesinzia,
akafuta kichwa kwa pembe ya kanga, ndipo akauliza:
"Hivyo vyuo vyenu,
kipi kina maji?"

Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Hapa Newala juu upepo tunao wa bure,
ukungu wa asubuhi wa bure,
maji yanapanda mlima kwa bei.
Mchoro wa figo niliukariri kwenye foleni ya bomba,
saa kumi alfajiri, kwa tochi ya simu ya mtu nisiyemjua,
dumu langu likisogea hatua moja
kila nilipofika kwenye kibofu.
Na mbele yangu mgongo wa mama,
na shingo yake, ambayo naapa
kwenye picha ya harusi ilikuwa ndefu.

Utadhani basi niliandika uhandisi wa maji.
Ingependeza. Ila hesabu nilipata E,
na E haichimbi kisima.

Litunu wa steshenari anachapa kwa vidole viwili,
kama kuku anayedonoa mtama wa wenyewe.
"Chaguo la kwanza?"
Maabara, Dodoma.
(Mama asiambiwe kwamba Dodoma nako, wanasema, vumbi.)
"La pili?"
Kilimo, Morogoro. Nikafikiria vidole vya baba,
nikafikiria kuna mtu mahali fulani
anaujua ubwiri unga kwa jina lake la darasani
na hajawahi kuulaani.
"La tatu?"

Hapo nikakaa.
Umeme ukayumba, skrini ikafumba jicho ikafumbua.
Nyuma yangu kijana akakohoa, na yeye ana noti zake mkononi.
"Ualimu," nikasema. "Mtwara mjini."
Saa tatu kwa basi; ningeweza kurudi Ijumaa.
Sikulichagua ili niende.
Nililiacha pale kama mtu anavyoacha kandambili mlangoni
anapotoka kwa mlango wa uani,
ili anayepita aseme: yupo, yumo ndani.

Elfu thelathini ikaisha.
Simu ya Litunu ikalia mara tatu: imepokelewa,
imepokelewa, imepokelewa.
Hakuna aliyesema nani ameipokea.

Jioni mama akaniuliza tena,
akiwa ananawa kwa kikombe, mkono baada ya mkono.
"Morogoro," nikamwambia, nikayaruka yale mengine.
"Mito inashuka milimani yenyewe, mama. Usiku kucha."
Akanyamaza kidogo, kama anayesikiliza.
"Basi utaoga mara mbili kwa siku," akasema,
na maji aliyonawia, yaliyokingwa na beseni,
akayabeba mpaka kwenye mchicha.