Mlangoni

Darasa la mbao juu ya makoro,
mawe meusi yaliyopoa kabla sijafika Goma.
Sisi kumi na wanane, mishumaa mitatu.
Mwalimu Syaghuswa anaandika kwa chaki iliyobaki kama kucha:
mtenda, kitendo, mtendwa,
halafu kijineno, halafu mahali.
"Kila mmoja akae peke yake," anasema.
"Kiingereza hakibebani mgongoni."

Ombeni msukuma chukudu ameshavipa vijineno makao sikioni mwake:
kile cha ndani anakisikia "ini",
kile cha penye anakisikia "eti",
cha kuendea, "tu",
na cha kuwa pamoja, Mungu atusamehe, "wizi".
Tunacheka hadi mshumaa mmoja unazimika.

Mimi nafua mashuka ya wageni kule Himbi.
Nataka kukaa mapokezi,
nimwambie mtu taulo liko wapi
bila kunyoosha kidole.

Zamu yangu. Sentensi moja, ya kweli.
Nasimama nayo mdomoni, neno moja:
Nilimwacha.

"Ivunje," anasema mwalimu.

Naitoa ni-.
Inasimama mbele, herufi moja tu,
ndefu kama nguzo ya umeme isiyo na waya.
-li- inazama ndani ya kitendo, haionekani tena.
Na -m-,
yeye aliyekuwa amebanwa kati yangu na kuacha kwangu,
joto huku, joto huku,
anang'olewa, anapelekwa nyuma.
"Mwanamume au mwanamke?"
Baba yangu.
Anapewa neno la kiume, anakaa nalo.
Kati yetu inaingia nafasi nyeupe,
upana wa kidole.

Miaka minne sikuiona.
Kwenye kila foleni ya kuandikishwa
nilitamka neno moja, pumzi moja,
wakapiga muhuri.

"Ulimwacha wapi?"
Mlangoni.
"Penye mlango, ndani ya mlango, au juu ya mlango?"
"Juu ya mlango ni paka," anasema Ombeni,
kisha ananitazama, ananyamaza.

Mwalimu anachora mlango ubaoni.
Nukta moja kando yake.
Nukta nyingine katikati ya miimo.
"Hapa ameketi. Hapa anapita. Chagua."

Nilidhani -ni ilinifunika, kama turubai la kambini.
Sivyo. Hata kwetu swali lilikuwepo:
mlangoni pale,
mlangoni kule,
mlangoni mle.
Ni mimi niliyekata neno kabla halijafika.

Pale: kiti cha mianzi, redio isiyo na betri,
"Nendeni, mimi nitabaki na kuku."
Hivyo ndivyo ninavyomwambia dada yangu.

Mle: mkono mmoja kwenye mwimo,
mguu mmoja umeshavuka kizingiti,
na viatu amevaa.
Baba hakuwa mtu wa kuvaa viatu nyumbani.

Nilikuwa na mtoto mgongoni na godoro kichwani.
Godoro haligeuki na shingo.
Niligeuka mara moja, nusu.

Chaki iko hewani. Inangoja.
"Andika zote mbili," namwambia.
"Sentensi haikubali."
"Basi acha pengo."
Anafikiri. Anachora kistari kirefu, kama cha mtihani,
halafu mlango, halafu nukta ya mwisho.
Hakunipa alama. Hakunikosoa pia.

Ombeni ananisindikiza, chukudu tupu inagonga mawe.
"Na kile cha kutoka? Wewe unakisikia vipi?"
Sikisikii, namwambia.
Sisi hatuna kijineno hicho. Tunasema natoka,
na anayesikia anajua
kuna mahali nyuma.

Anaukaza mkono kwenye usukani wa mti.
Barabara inashuka.
"Panda," anasema. "Breki zipo, kidogo."