Mikwaruzo Kumi na Mmoja

Mama Leokadia aligonga saa kumi na mbili na nusu,
kitenge cha Wawata kiunoni, chupa ya maji kwapani.
Fundi Kondo, magoti yangu hayapandi peke yake.
Nipeleke Pugu nikamwone Mama.
Nikamjibu mimi nilishamwona,
nilimwona kabla hajawa na uso.

Miezi saba nilikaa juu ya jukwaa la mirunda
nikimvalisha saruji.
Wenzangu walipewa mikono, walipewa paji;
mimi, Mwislamu wa Gongo la Mboto,
msimamizi alinipa mgongo,
mikunjo ya shela, upande wa msitu:
Huku, alisema, hapigi mtu picha.
Sikuudhika. Bi Mariamu namjua,
yumo katika kitabu changu pia,
na mgongo wa mwanamke ulionyooka kwa kulazimishwa
niliusoma udogoni
nikimfuata mama yangu kutoka kisimani.

Tukapanda. Kwenye kituo cha tatu,
Yesu anapoanguka mara ya kwanza,
Mama Leokadia akakaa kitako juu ya jiwe.
Hapa tuko wawili, akasema, akavua ndala.
Udongo mweupe ulikuwa umempaka visigino
kama mwali anayetolewa nje.

Chini, jiji lilijifunua kwa ubahili:
kwanza njia ya ndege, mkanda uliosahauliwa kitandani,
kisha mabati, mabati, mabati,
minara, misalaba, matangi meusi ya maji,
treni ya umeme ikipita bila moshi wala salamu,
na mbali kabisa uzi wa bahari,
mwembamba, wa kufungia mfuko wa sukari.
Nilitafuta paa langu.
Nilipata la jirani.

Kileleni watu walijaa miguuni pake,
mishumaa, simu juu, kwaya ya Yombo ikigombea kivuli.
Wewe ulifanya wapi? akaniuliza.
Nikaona haya.
Nyuma.
Basi twende nyuma.

Nyuma palikuwa na siafu, ngazi iliyovunjika,
na vazi likishuka mkunjo kwa mkunjo
kama nilivyoliacha, ukungu kidogo penye pindo.
Mama Leokadia akapapasa. Siku hizi
macho yake yamehamia vidoleni.
Kwenye mkunjo wa tatu mkono ukasita:
mikwaruzo ya msumari,
mmoja mrefu, kumi mifupi.

Zilikuwa siku zangu.
Siku kumi na moja ambazo mkandarasi hakunilipa,
nilizichora plasta ikiwa mbichi
ili walau mtu mmoja azijue.
Ule mrefu ni wa siku ya kwanza,
hasira ilikuwa bado na nguvu.

Nilitaka kumweleza. Yeye alishaanza:
Baba Yetu kwenye ule mrefu,
Salamu Maria kwenye wa pili, wa tatu,
kidole kikihama bila haraka.
Katikati akamtaja Deusdedit,
mwanawe aliye machimboni Geita, asiyepiga simu,
akalitaja goti la kushoto,
akaomba mvua ije, ila isije yote.
Nikasimama na kofia kichwani,
sijui niivue, sijui niiache,
nikisikiliza deni langu likihesabiwa upya
na mtu ambaye hanidai wala simdai.

Alipomaliza alifuta vumbi kwa pembe ya kitenge.
Aliyechora hapa, akasema, alikuwa na imani.
Alikuwa na njaa, nikasema.
Akacheka mpaka akajishikiza mkunjo wa nne.
Kwani mimi nimesema nini?