Kinyozi Anagawanya

Ijumaa usiku kiti changu hakinyoi mtu.
Ezati amekikalia, simu ameivika soksi
ili upepo wa feni usiingie kwenye podikasti,
na Feruzi yuko juu ya kreti la soda,
magoti yamegusa kidevu, tayari kwa ubishi.
Mimi nafagia nywele polepole.
Hata ufagio unasikika, wanasema.

Habari ya leo: kijana mmoja huko Ulaya
kanunuliwa pauni milioni mia.
Feruzi anapiga mluzi. Ezati anasema ni bei ya haki:
mguu wa kushoto, miaka ishirini,
jezi zitarudisha hela kabla ya Pasaka.
"Hizo hesabu umezitoa wapi?"
"Mpira siku hizi ni soko, ndugu yangu."
Wanataja mishahara ya wiki
kama watu wanaotaja madeni ya jirani,
kwa utamu, bila huruma.

Nami nikachukua simu yangu, nikagawanya.
Kichwa kwangu ni elfu tatu, ndevu ni bure.
Vichwa milioni mia moja na sitini!
Ningeinyoa Uganda yote mara tatu,
wazee, masista wa Ediofe, watoto wa arobaini,
na bado ningevuka mpaka hadi Ariwara
kutafuta vichwa vya kumalizia.
Wakacheka mpaka soksi ikaanguka.

Ndipo Munduru akaingia, begi mgongoni,
matope ya Nebbi yamekauka miguuni,
glavu zimefungwa kwa mpira wa tairi.
"Nipunguzie pembeni. Kesho tunacheza tena."
Ezati akainuka kitini,
mara ya kwanza tangu magharibi.

Feruzi akavaa sauti ya redio:
"Tunaye hapa kipa wa timu ya wanawake.
Dada, mmetokaje huko?"
"Mbili bila."
"Na posho?"
"Posho ipi, ya kula au ya mfukoni?
Zote mbili hatukuziona.
Tulipewa soda ya tangawizi, moja kwa watu wawili.
Kurudi tukapanda lori la mkaa.
Beki wetu wa kulia ana mtoto wa miezi minne,
kamnyonyesha juu ya magunia,
tumefika Arua mtoto anapiga chafya nyeusi."
Akacheka. Alicheka peke yake.

Ezati akatafuta neno.
Mtu wa maneno yule,
anayejua kwa kichwa kifungu cha kuvunja mkataba
cha winga asiyejua kama Oli ipo duniani,
hakujua hawa wanafanyia wapi mazoezi.
Nyuma ya kwao. Mbuzi wa mama yake hula pale.

"Na wewe," Feruzi akauliza, kwa mzaha
uliochelewa kujua kwamba si mzaha,
"ukiuzwa, utauzwa bei gani?"

Mashine yangu ilikuwa karibu na sikio lake.
Nikaizima.

Munduru akajitazama kiooni,
upande huu, kisha upande wa pili.
"Sijui. Hakuna aliyewahi kuja kuuliza."

Feni ikazunguka. Soksi ikasikiliza.

Nikamaliza shingo, nikapaka spiriti,
nikasema leo bure, kwa ajili ya mbili bila.
Akanitazama kama anavyomtazama mpiga penalti,
akaniwekea mkononi noti ya elfu mbili
na sarafu mbili za mia tano, zina joto.
"Elfu tatu. Si mmeandika wenyewe ukutani?"
Akaenda zake na begi lake.

Sehemu ile Ezati hakuikata.
Wamesikiliza watu kumi na tisa mpaka leo,
na mmoja, hatumjui, ameandika swali moja tu:
mbona mashine ya kinyozi ilinyamaza?

Wanasema nijibu mimi.
Nimeandika, nimefuta.